Kijana kiziwi anakuja kinuni, wenzake wananung'unika: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kinu cha kusaga mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Tuko watu 40 pamoja na wapakiaji. Bosi amekubali kumwajiri kijana kiziwi aliyesoma shule ya viziwi, aanze kwa kupima na kushona magunia, baadaye ajifunze mashine. Tangu habari hiyo isikike watu wananung'unika. Wapakiaji wanasema atawachelewesha. Fundi wa mashine anasema mkanda utamla kwa sababu hasikii. Mama anayetupikia amesema kwenye ukoo wa huyo kijana kuna laana. Wengine ni wema, wanasema tumpe ufagio tu, maskini, asiteseke. Bosi anataka niwaitie semina ya siku moja. Je, itatosha? Na nikikosea, si nitamharibia mtoto wa watu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikahesabu. Umenitajia watu wa aina nne wanaosema maneno manne. Bosi wako anayaona yote kuwa ugonjwa mmoja, ndiyo maana anatafuta dawa moja. Mimi naona kila neno lina mzizi wake. Mpakiaji anaogopa mfuko wake. Fundi anaogopa ajali. Mama wa jikoni anaogopa kitu asichokijua chanzo chake. Na hao wema wa ufagio hawaogopi chochote, wanahurumia tu. Semina usianze nayo, nitakueleza wakati wake. Lakini nikwambie mapema ni nani kati ya hawa wanne anayenitia hofu zaidi: ni hao wema.

Mimi polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu, ikachukua mguu wa kushoto. Natembea kwa gongo hadi leo. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Walinipokea vizuri mno. Nilipewa kiti chenye mto, meza karibu na mlango ili nisitembee sana. Faili zikija, mwenzangu alinyanyuka kabla yangu: "Kaa dada, acha nikuletee." Chai niliwekewa mezani. Barua nilizochapa zilikuwa na makosa, kama za karani yeyote mgeni wa kazi, na wenzangu walizirekebisha kimya kimya bila kunionyesha. Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku ya tathmini mkuu wangu alifungua daftari lake na ukurasa wangu ulikuwa mweupe. Hakuwa na baya la kusema wala zuri. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba nikiondoka hawataona pengo. Nilikuwa nimepewa kiti, sikupewa kazi. Wale walionibebea faili walilia nilipoaga, na machozi yao yalikuwa ya kweli.

Baadaye nilifanya kazi ya afisa kazi wilayani kwa miaka mingi, na sasa nashauri waajiri. Nimeona watu wenye ulemavu wakitukanwa kazini, nimeona wakinyimwa mishahara, na kesi hizo zina mahali pa kupelekwa. Lakini wengi zaidi nimeona wakipotea kama nilivyopotea mimi, katikati ya watu waliowapenda. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu mwenye ulemavu akiingia kazini huwekwa kwenye siku ya pili na kuachwa hapo.

Kwa hiyo ufagio ukatae, na uukatae waziwazi mbele ya waliopendekeza. Waulize kama kazi ya kufagia ina nafasi wazi, na kama hakuna mtu anayeifanya sasa. Kijana ameitwa kupima na kushona, basi apime na ashone. Toka siku ya kwanza andika kama unavyowaandikia wengine: ameshona magunia mangapi kwa zamu, mangapi yamerudi kwa sababu uzito haukutimia, mangapi yamefumuka yakipandishwa kwenye lori. Gunia likifumuka, mwite, mwonyeshe mshono, mwache alishone upya yeye mwenyewe. Mtu akinyoosha mkono kumfanyia, mzuie. Baada ya mwezi utakuwa na ukurasa wenye wino, na kama wino huo utamsifu au utamtaka aongeze bidii, vyote viwili ni heshima kwake.

Sasa wapakiaji. Kabla ya kuwaita wabaguzi, jiulize wanalipwaje. Kwenye vinu vingi ninavyovijua kundi la wapakiaji hulipwa kwa gunia na kugawana jioni. Kama na kwenu ni hivyo, manung'uniko yao ni hesabu. Mshonaji akichelewa, lori linachelewa kujaa, na mgao wa jioni unapungua. Mwanamume anayefikiria karo ya mtoto, ukimwambia ana roho mbaya kwa viziwi, umempoteza, na kusema kweli umemwonea. Mkumbushe tu kwamba mshonaji mpya huchelewesha, awe anasikia au hasikii. Mshonaji wenu wa mwisho alipoanza, wiki zake mbili za kwanza zilikuwaje? Halafu nenda kwa bosi na ombi moja: kwa wiki nne za kwanza mshonaji wa zamani abaki pembeni ya kijana, na siku ambayo magunia yatapungua, kundi lilipwe kwa wastani wa mwezi uliopita. Tofauti ailipe bosi, maana ndiyo gharama ya kumfundisha mtu kazi, na gharama hiyo si ya mpakiaji. Mwite kiongozi wa kundi kabla ya wengine, mwonyeshe karatasi yenye hesabu, awaeleze wenzake kwa mdomo wake. Nimeona chuki ya miezi ikiyeyuka kwa karatasi moja ya namna hiyo.

Kwa fundi nataka tukae zaidi, kwa sababu swali lake ni la haki ingawa jibu alilojipa si sahihi.

Kesho saa nne asubuhi, mashine ikiwa imewaka na foleni ya wateja iko nje, simama pembeni ya kinu usiseme neno. Tazama tu. Anayemimina mahindi anataka mwenzake apunguze: ananyoosha kiganja chini na kukishusha mara mbili. Anayepokea unga anataka gunia jingine: anainua kidole. Kuna kitu kimekwama: fundi anapitisha mkono shingoni, na swichi inazimwa. Kuna aliyesikia sauti ya mwenzake hapo? Kinu chenu chote kinafanya kazi kwa mikono na macho tangu siku kilipowekwa hapo. Hizo ni ishara chache tu, usije ukazilinganisha na lugha ya alama ya Uganda, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi na misamiati yake. Ninachotaka umwonyeshe fundi ni kwamba anayekuja ni mtu aliyezoea maisha yote kupokea habari kwa macho, anaingia mahali ambapo kila mtu analazimika kufanya hivyo hivyo. Kati ya watu wote wa Busia, ni vigumu kumpata aliyejiandaa zaidi kwa sehemu hiyo ya kazi.

Kuhusu mkanda, nimekagua ajali za vinu. Mkanda hauchagui asiyesikia. Unashika nguo inayopepea, kwa sababu kinga ya wavu iliondolewa siku ya matengenezo ikaegeshwa ukutani mpaka leo. Na vidole vinaondoka pale mtu ameingiza mkono kuzibua, na mwenzake upande wa pili, bila kumwona, akawasha. Anayesikia na asiyesikia wanaumia vilevile, maana injini ikishawaka, mayowe hayawahi kitu. Dawa yake ni kinga irudishwe mahali pake, na swichi kuu iwe na kufuli ambayo ufunguo wake unakaa mfukoni mwa yule aliyeingiza mkono. Mwenye ufunguo ndiye pekee anayeweza kuwasha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake wote, kwa hiyo hayo mlipaswa kuwa nayo hata kama kijana huyu asingezaliwa.

Yako mambo mawili ambayo kweli yanamhusu yeye kwa namna ya pekee. La kwanza ni malori yanayorudi nyuma. Honi haitamfikia. Meza yake ya kushona iwekwe akitazama mlango, asiupe mgongo. Pakeni mstari wa manjano sakafuni ambao lori halivuki, na iwe amri kwamba hakuna dereva anayerudi nyuma bila taniboi, msaidizi wake, kusimama mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. La pili ni hatari ya ghafla, kama moto. Kengele yenu iunganishwe na taa ya kuwakawaka, moja juu ya meza yake, nyingine ghalani, na nyingine chooni, mahali ambapo watu husahau. Mwambie fundi wa umeme taa ziwe za aina iliyofungwa vizuri vumbi lisiingie, maana vumbi la unga likijaa hewani huweza kulipuka. Kisha mchague mtu mmoja kila zamu ambaye kazi yake, hatari ikitokea, ni kwenda kumgusa bega. Kumgusa bega au kumpungia mkono ndivyo anavyoitwa kiziwi. Kwenye sakafu ya mbao mtu huweza kupiga mguu akausikia mtikisiko, lakini yenu ni saruji, haitasaidia. Kumrushia kigunzi cha mhindi ili ageuke ni matusi, na ninajua kwamba mtu atafanya hivyo wiki ya kwanza. Uwepo umkanye papo hapo.

Ukimaliza hayo, mwulize fundi swali jingine kwa upole. Mwulize kama mkewe humwambia apunguze sauti ya redio. Kelele ya decibel 85 (decibel ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kila siku inatosha kuharibu masikio, na kwa kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu, kila decibel 3 zikiongezeka muda wa usalama unapungua kwa nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Kipimo cha mtaani ni rahisi. Kama inabidi umpigie kelele mtu aliye umbali wa mkono ili akusikie, tayari mmefika huko. Kinu cha nyundo, kile kinachosaga kwa vyuma vinavyopigapiga mahindi, kinapita hapo bila shida. Kelele hiyo haimwui mtu kwa siku moja, inachukua sauti nyembamba kwanza, ndege, watoto, kengele ya simu, halafu maneno. Wafanyakazi wako wanaomnung'unikia kiziwi wanasimama kila siku mbele ya mashine inayowafanya viziwi, na hakuna aliyewapa vizibo vya masikio. Liseme hili kama jambo la afya yao, na vizibo vinunuliwe wiki hiyohiyo. Usilifanye kitisho. Kuna methali ya kabla hujafa hujaumbika, na najua itatajwa, lakini mimi siitumii kazini. Inamgeuza mtu kuwa onyo la kutisha wengine, na hakuna anayependa kushona magunia akiwa onyo.

Mama wa jikoni usibishane naye habari za laana. Sijawahi kuona mabishano ya namna hiyo yakimaliza kitu, na mbele ya watu atalazimika kutetea alichosema. Ukiwa naye peke yake mkimenya matoke, mweleze kwamba watoto wengi hupoteza masikio kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, kwa usaha wa masikio usiotibiwa, na wengine huzaliwa hivyo. Mwulize kama katika kijiji chao hapakuwa na mtoto aliyeugua sana akanyanyuka kitandani hasikii. Karibu kila mtu anamkumbuka mmoja. Kisha mwachie wakati. Na umwombe kitu kimoja kidogo: siku ya kwanza ampakulie kijana posho, yaani ugali, na maharage kwa mkono wake mwenyewe, amtazame usoni, kama anavyowapakulia wengine.

Maneno nayo yanahitaji mkono wako. Najua kinuni Kiswahili kinachanganyika na Kiganda na Kisamia, na kabla kijana hajafika atakuwa ameshaitwa kasiru, neno la dharau la Kiganda, au bubu. Neno kateyamba, ambalo wengine wanatumia kwa kila mwenye ulemavu, maana yake ni mtu asiyeweza kujisaidia, na mtu akiitwa hivyo kila siku wanaomwita huanza kumtendea hivyo. Bubu si kweli, viziwi wengi wana sauti, na lugha wanayo. Kiziwi ni neno ambalo viziwi wenyewe wanalikubali. Lakini bora kuliko yote ni jina lake, tena lina njia nzuri ya kuingia, nitaifikia.

Usidhani mawasiliano yatakuwa rahisi kwa kuandikiana tu. Watu huniambia, "Amesoma, tutamwandikia." Kijana aliyesoma shule ya viziwi lugha yake ya kwanza ni ya alama. Kiingereza alichofundishwa darasani ni lugha ya pili kwake, na Kiswahili huenda hakukifundishwa kabisa. Ujumbe mrefu wa WhatsApp uliochanganya lugha tatu na vifupisho utamchanganya, kisha mtasema hana akili. Andika kwa ufupi: "Magunia 60. Kilo 50. Lori saa 8 mchana." Namba, mchoro, picha ya mshono unaotakiwa ukibandikwa juu ya meza, hivyo vinafanya kazi. Mkiongea naye ana kwa ana, mtazame yeye, usimtazame mkalimani, na usizibe mdomo kwa mkono.

Huna haja ya mkalimani kila siku. Unamhitaji siku ya kusaini mkataba, siku ya mafunzo ya mashine, na siku yoyote ya tathmini au ya kumwita kujieleza. Hapo usitafute njia ya mkato kwa kumwita dada yake aje kutafsiri, maana ndugu hutafsiri kile anachoona kinafaa. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi anayetuhumiwa haki ya kusikilizwa na kuja na mtu aliyemchagua, na kiziwi asiyeelewa kinachosemwa hajasikilizwa. Chama cha Taifa cha Viziwi, UNAD, kitakuelekeza kwa wakalimani, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kimefundisha wengi. Anza kuulizia sasa, kwa sababu mjini mnapata haraka kuliko huko mpakani.

Sasa nirudi kwenye semina. Ifanyike, lakini baada ya mwezi, na bosi asimlete msemaji wa suti kutoka Kampala kuwaambia watu kwamba walemavu nao ni binadamu. Nimehudhuria za namna hiyo nyingi kuliko nizikumbuke. Watu hupiga makofi, hula kuku, na Jumatatu huamka na mawazo yaleyale, kwa sababu hakuna walichofanya pamoja na yule aliyezungumziwa. Nikupe badala yake dakika 15 za kila Jumatatu kabla injini haijawashwa. Kijana afundishe alama tano: gunia, pima, zima, hatari, asante. Jumatatu inayofuata tano nyingine. Baada ya miezi miwili watu wako watakuwa na alama 40, na watagundua kwamba zinawafaa hata wao kwa wao mashine ikiwaka. Yeye ndiye atakuwa mwalimu, nao ndio wanaokosea.

Na hapo ndipo jina linapoingia. Viziwi wana desturi ya kumpa mtu jina la alama, linalotokana na jambo walilomwona nalo, kovu, kicheko, namna ya kuvaa kofia. Anayesikia hajipi mwenyewe, hupewa na kiziwi. Mwombe kijana awape majina wenzake wote, hata bosi, kwa wakati wake. Kiwanda kimoja nilichokishauri, mpakiaji aliyekuwa mkali kuliko wote kwa mwenzake kiziwi alikuja kunionyesha jina lake: vidole viwili vikipapasa nyusi, kwa sababu nyusi zake zilikuwa nzito. Alinionyesha mara tatu. Wiki iliyofuata nilimkuta anagombana na dereva aliyempigia honi mwenzake huyo mgongoni.

Bosi wako anastahili kujua anasimama wapi kisheria, nitakuwa mfupi. Katiba yetu ya 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katika malengo yake imeitaja hata lugha ya alama iendelezwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi huo kazini, na Sheria ya Ajira hairuhusu ulemavu kuwa sababu ya kumfukuza mtu. Mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa, na taa na mkalimani niliotaja ndiyo marekebisho yenyewe. Anayebaguliwa anaweza kwenda kwa afisa kazi wa wilaya au Tume ya Fursa Sawa. Mshahara wake uwe ule ule wa mshonaji mwingine anayefanya kazi hiyohiyo. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na ukitaka kuongeza lazima yeye akubali.

Atakuuliza habari za kodi, kwa hiyo jiandae. Sheria ya kodi ya mapato inampunguzia mwajiri binafsi asilimia 2 ya kodi anayotakiwa kulipa akithibitisha kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwamba angalau asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu wana ulemavu. Kama wote 40 ni wa kudumu, hao ni watu 2. Kijana huyu peke yake hafikishi. Lakini mwambie bosi aangalie waliopo kwanza. Sensa ya 2014 ilikuta zaidi ya watu 12 katika kila 100 wa miaka 2 na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Kwa kukisia tu, katika watu 40 hao ni kama 5. Yupo anayesogeza karatasi ya mizani mpaka puani ndipo asome. Yupo aliyeanguka na boda akawa anapanda ngazi kwa kuvuta mguu. Wamejificha kwa sababu wameyasikia maneno yanayosemwa kuhusu kijana huyu ambaye bado hajafika. Wanakutazama wewe kuona utafanya nini.

Mtu akikuambia kiziwi hawezi kazi nzito ya akili, mtajie Alex Ndeezi. Ni kiziwi, aliingia Bungeni 1996 kama mmoja wa wabunge watano wanaowakilisha watu wenye ulemavu, akashiriki mijadala kwa mkalimani na kutunga sheria zinazotuhusu sote. Lakini usimtaje kila siku. Kijana wako hakuomba kuwa mbunge wala shujaa, ameomba kushona magunia, na ana haki ya kuwa mshonaji wa kawaida ambaye siku nyingine anachelewa na siku nyingine anachoka.

Umeniuliza kama ukikosea utamharibia. Utakosea, na yeye atakosea, na mtarekebishana. Kinachonisumbua ni kitu ambacho hakimo katika barua yako. Umeniandikia wapakiaji wamesema nini, fundi amesema nini, mama wa jikoni na bosi wamesema nini. Yeye amesema nini? Sijui kama amewahi kufanya kazi karibu na mashine, kama anasikia kidogo au hasikii kabisa, kama sikio moja linashika mlio mzito, kama anasoma midomo. Wewe pia sidhani kama unajua, na nimekupa ushauri wa kurasa nzima juu ya mtu ambaye hakuna aliyemwuliza.

Basi kabla ya jambo lolote katika haya, mwite wiki hii, pamoja na mkalimani. Kaeni kinu kikiwa kimezimwa, mzungushe kila kona, umwachie muda wa kuuliza. Halafu fundi awashe mashine, na nyinyi watatu, wewe, fundi na kijana, msimame pale ambapo meza yake itakaa. Mpe chaki. Ataweka kiganja kwenye ukuta na kwenye meza kupima mtikisiko, atageuka huku na huku kuona nini kinafichwa na nguzo. Pale atakapochora alama ukutani, ndipo taa ifungwe.